Kinanda Kinachosubiri: Uhakiki wa Nafasi ya Kinanda cha Umeme katika Utendaji wa Taarab Jukwaani

Ikisiri

Makala hii inahakiki nafasi ya kinanda cha umeme katika taarab inayotendwa jukwaani, hasa Zanzibar na Dar es Salaam. Kinanda hicho kimekuwa kikilaumiwa kwa mambo mawili: kuziondoa ala za taarab asilia na kuifuta robo toni. Makala inaonesha kwamba lawama zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini hazigusi kiini cha tatizo. Ala za vibonyezo zilikuwamo katika taarab kabla ya umeme, na noti zake zilikuwa zimekwisha kufungwa. Jambo linalotenganisha kinanda kinachoijenga taarab na kinachoidhoofisha ni uwezo wa kumsubiri mwimbaji pamoja na hadhira yake. Aidha, inaelezwa kwamba uhakiki wa ushairi wa taarab ya kisasa hauwezi kukamilika iwapo mhakiki atasoma maneno peke yake bila kusikiliza kinanda kinafanya nini chini ya maneno hayo.

1.0 Utangulizi

Sehemu kubwa ya kazi za uhakiki wa taarab katika taaluma ya Kiswahili hujihusisha na matini. Mhakiki husikiliza wimbo, huyanukuu maneno yake, huyapanga katika beti, kisha huchambua vina, mizani, tamathali, mafumbo na dhamira. Njia hii imezaa matunda. Imeonesha kwamba taarab ni sehemu halali ya ushairi wa Kiswahili, na kwamba watunzi wake wanaimudu lugha kwa kiwango kinachostahili kuheshimiwa. Hata hivyo, njia hii ina kasoro moja: wimbo ukishaandikwa karatasini, ala hutoweka. Msomaji huletewa ubeti kana kwamba umetoka katika diwani, ilhali ubeti huo ulizaliwa jukwaani, katikati ya sauti nyingine zilizouongoza na kuusukuma, na mara nyingine kuuzuia.

Katika taarab ya kisasa, sehemu kubwa ya sauti hizo hutoka katika chombo kimoja, yaani kinanda cha umeme. Kundi la taarab asilia la Zanzibar, kama vile Ikhwani Safaa lililoanzishwa mwaka 1905 au Culture Musical Club, linaweza kupanda jukwaani na wasanii zaidi ya ishirini wenye ganuni, udi, fidla kadhaa, nai, kodiani, besi kubwa ya kusimama, dumbaki, rika na waitikiaji. Makundi ya taarab ya kisasa yaliyopata umaarufu kuanzia miaka ya 1990, kama vile Tanzania One Theatre, East African Melody na baadaye Jahazi, kwa kawaida hutegemea kinanda kimoja au zaidi, gitaa la solo, gitaa la besi na ngoma, ambazo mara nyingi hupigwa na mashine. Kazi iliyokuwa ikifanywa na watu wengi imewekwa katika mikono ya wachache.

Badiliko hili limehukumiwa kwa haraka na pande zote mbili. Wapo wanaoliona kuwa ni maendeleo, na wapo wanaoliona kuwa ni kifo cha taarab. Makala hii haiungi mkono upande wowote kati ya hizo. Inauliza swali jembamba zaidi: kinanda cha umeme kinapopigwa jukwaani, mbele ya watu, kinafanya kazi gani katika wimbo, na kazi hiyo ipimwe kwa kigezo gani? Uchambuzi unaongozwa na mtazamo wa utendaji katika fasihi simulizi, ambao huichukulia kazi ya fasihi kuwa ni tukio linalokamilika pale fanani na hadhira wanapokutana. Kwa mtazamo huo, ala si pambo la nje. Ni sehemu ya tukio lenyewe.

2.0 Vibonyezo kabla ya Umeme

Neno kinanda lenyewe lina historia ya kuhamahama. Katika matumizi ya zamani ya pwani, lilitaja ala ya nyuzi, na kamusi za karne ya 19 zililirekodi kwa maana hiyo. Baadaye neno lilihamia kwenye ala za vibonyezo, na leo msemaji wa kawaida anapolisikia hufikiria vibonyezo vyeupe na vyeusi. Lugha imekuwa tayari kulipa neno la zamani chombo kipya, na muziki umefanya vivyo hivyo.

Ni kosa, kwa hiyo, kudhani kwamba ala ya vibonyezo iliingia katika taarab pamoja na umeme. Kodiani imekaa muda mrefu katika taarab ya Zanzibar, na hadi leo inahesabiwa miongoni mwa ala za taarab asilia bila mtu yeyote kuiita ngeni. Mombasa, taarab iliyoathiriwa na muziki wa filamu za Kihindi ilitumia hamoniamu pamoja na tabla. Katika mji huohuo, nyimbo za Zuhura Swaleh zilijulikana kwa mlio wa taishokoto, ala ya Kijapani yenye nyuzi zinazobanwa kwa vibonyezo. Ala zote tatu zilitoka mbali, na zote zilipata uraia kwa kupigwa.

Kinachozitofautisha ala hizo na kinanda cha umeme si vibonyezo bali chanzo cha uhai wa sauti. Kodiani na hamoniamu huendeshwa kwa hewa. Mpigaji anapovuta mvukuto polepole, noti huanza kwa unyonge. Anapoukaza, noti hukua hata kama kidole hakijasogea. Kwa hiyo ala hupumua, na pumzi yake inaweza kwenda sambamba na pumzi ya mwimbaji. Katika kinanda cha kawaida cha umeme, nguvu ya kidole hupimwa wakati kibonyezo kinapogongwa tu. Baada ya hapo noti huendelea kwa namna ilivyopangwa kiwandani, isipokuwa mpigaji awe na pedali ya kupandisha na kushusha sauti na awe na mazoea ya kuitumia. Pedali hiyo hupuuzwa na wengi, ilhali ndiyo inayobeba kazi ya mvukuto. Mpiga kinanda anayeiacha nyumbani amekuja jukwaani na kodiani isiyopumua.

3.0 Mzigo wa Mikono Miwili

Mwaka 1983 ni mwaka muhimu katika historia ya chombo hiki. Ndipo Yamaha ilipotoa DX7, na ndipo mfumo wa MIDI, unaoviwezesha vyombo vya makampuni tofauti kupeana amri, ulipoanza kutumika. Mwaka 1988 Korg ilitoa M1. Vinanda vyote viwili vilikuwa na vibonyezo 61, pungufu ya 88 vya piano kamili, na kila kimoja kiliweza kutoa noti 16 kwa wakati mmoja. M1 iliongeza jambo jingine: ndani yake mlikuwa na sauti za ala nyingi zilizorekodiwa, ngoma, pamoja na kumbukumbu ya kuhifadhi mapigo katika nyuzo nane. Chombo kimoja kikaweza kupiga, kukumbuka na kurudia.

Kwa bendi inayosafiri, faida ni dhahiri. Ogani ya Hammond B-3 iliyopendwa na wapigaji wa Marekani tangu miaka ya 1950 ilihitaji watu kadhaa kuinyanyua. Kinanda cha umeme hubebwa na mtu mmoja. Kundi linalopiga harusini Tanga leo na Dar es Salaam kesho haliwezi kupuuza jambo hilo, wala haliwezi kupuuza gharama ya kuwalipa na kuwasafirisha wapiga fidla wanne.

Hata hivyo, mzigo ulioondolewa mabegani umehamia mikononi. Mpiga kinanda wa taarab hugawa vibonyezo vyake mara mbili: mkono wa kushoto hushika besi au mlio mzito wa nyuzi, na wa kulia hushika lahani kwa mlio wa fidla, nai au kodiani. Mara nyingine hutandika sauti mbili juu ya kibonyezo kimoja ili mlio uwe mnene. Katika vyombo vya kizazi cha M1, kila sauti iliyotandikwa ilikula sehemu ya hesabu. Sauti mbili zikitandikwa, noti 16 zilibaki 8. Mpigaji aliyeshika noti nne kwa kushoto na kupamba kwa kulia aliweza kusikia noti za mwanzo zikikatika kabla ya wakati wake. Vyombo vya leo vimeondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, lakini havijaondoa tatizo la pili, ambalo ni la binadamu na si la mtambo.

Tatizo hilo linahusu mazungumzo ya ala. Katika taarab asilia, fidla, ganuni na kodiani hupita katika njia moja ya lahani, lakini kila moja huipamba kwa namna yake. Mpiga ganuni hutetemesha noti ambayo mpiga fidla ameivuta, na mpiga kodiani hufika mahali hapo akiwa amechelewa kidogo. Utamu unatokana na kutolingana huko kwa watu wanaosikilizana. Kinanda kinaweza kuiga mlio wa kila moja ya ala hizo, lakini fidla na ganuni zinazotoka katika vidole vya mtu mmoja haziwezi kushtuana. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mikono miwili ya mtu mmoja haiwezi kubishana kwa dhati. Ndiyo maana kundi lenye vinanda viwili vinavyopigwa na watu wawili huwa na uhai ambao kinanda kimoja chenye sauti mia hakina. Kinachoongezwa na kinanda cha pili ni sikio la pili.

4.0 Lawama ya Robo Toni

Lawama ya pili inahusu maqam. Taarab ilipata mizizi yake katika kasri la Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, kwa njia ya muziki wa Misri. Baadhi ya maqam za muziki huo, kama vile rasti na bayati, zina noti zinazokaa kati ya kibonyezo kimoja na kinachofuata. Fidla, udi na nai huzifikia noti hizo bila taabu. Kinanda cha kawaida kimegawa oktava katika noti 12 zilizo sawa, na hakina pa kuziweka.

Lawama hii ina ukweli, lakini inahitaji kupimwa kwa haki. Kwanza, maqam nyingine, kama hijazi na nahawandi, zinaweza kupigwa kwa noti 12 kwa kiwango kinachotosha. Pili, kodiani ya kawaida nayo ina vilimi vya chuma vilivyofungwa katika noti zilezile 12, na haikufukuzwa jukwaani kwa sababu hiyo. Tatu, vipo vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la nchi za Kiarabu vyenye vitufe vya kushusha noti fulani kwa robo toni wakati wimbo unaendelea. Kifaa kipo; kinachohitajika ni mpigaji anayejua maqam gani inahitaji noti ipi ishushwe. Nne, karibu kila kinanda cha jukwaani kina gurudumu la kupinda sauti, na mpigaji hodari hulitumia kuiteremsha noti hadi mahali ambapo fidla ingeivuta.

Kwa hiyo upungufu wa robo toni, pale unapotokea, ni upungufu wa mafunzo zaidi ya kuwa upungufu wa chombo. Mpigaji aliyejifunza kwa kuiga mitindo iliyopangwa kiwandani hatakosa robo toni, kwa kuwa hajui kwamba ilikuwapo. Mpigaji aliyekaa karibu na wazee wa ganuni na fidla ataitafuta hata katika chombo duni. Hapa ndipo kazi ya taasisi kama Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi cha Zanzibar inapoonekana kuwa na uzito, kwa sababu kinawafundisha vijana ala za taarab kwa vidole na masikio kabla ya kuwaachia vitufe.

5.0 Kusubiri

Baada ya lawama hizo mbili kupimwa, linabaki jambo ambalo halisemwi sana, nalo ndilo kiini cha makala hii. Taarab haitendwi na wanamuziki peke yao. Mwimbaji anapofika katika mstari uliomgusa mtu, mtu huyo huinuka na kwenda kumtunza. Hutembea kwa madaha, fedha mkononi, na mara nyingi humkabili anayetaka ausikie mstari huo. Mwimbaji akimwona, huurudia mstari. Wakija watu watano, huurudia zaidi. Hakuna anayejua mapema watainuka wangapi.

Tazama mistari miwili ifuatayo, iliyotungwa kwa ajili ya maelezo haya:

Ulidhani nitalia, machozi yanidondoke,
Nimekaa natulia, wewe ndiwe uondoke.

Karatasini, mistari hii ina mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho vimetimia, na mhakiki anaweza kueleza kejeli iliyomo kwa sentensi mbili. Jukwaani, uzito wote umo katika kipande wewe ndiwe. Nafsi hiyo ya pili haina mwenyewe hadi mtunzaji anapoinuka na kuelekea upande fulani wa ukumbi. Mwimbaji huurudia mstari mara tatu, mara nne, na kila mara wewe humwangukia mtu mwingine. Maana ya ubeti hukamilishwa na hadhira, na ili hadhira ipate nafasi ya kuikamilisha, muziki hauna budi kungoja.

Kungoja huko ni kazi ya mpiga kinanda kuliko mwanamuziki mwingine yeyote wa taarab ya kisasa. Yeye ndiye anayeshika mlio mrefu wa nyuzi unaoibeba sauti ya mwimbaji. Mwimbaji anaporudi nyuma, mpiga kinanda huishusha sauti kwa pedali, huacha mkono wa kushoto ubaki juu ya noti moja, na jicho lake hubaki kwa mwimbaji. Akiona mkono umeinuliwa, huingiza kipande cha ala kinachoelekea kwenye ubeti unaofuata. Anahitaji chombo kinachobadilisha sauti kwa kitufe kimoja bila kuikata noti iliyoshikwa, vibonyezo vya kutosha kugawanywa bila mikono kugongana, na sehemu ya kusimama inayomwezesha kumwona mwimbaji. Mambo haya huonekana madogo dukani, lakini jukwaani ndiyo yanayoamua.

Kinyume chake ni kinanda kilichokwisha kuambiwa wimbo mzima. Mapigo, besi na nyuzi vimehifadhiwa katika kumbukumbu, na mpigaji hubonyeza mara moja kisha akaongeza mapambo machache juu. Muziki hutoka safi na haukosei. Lakini ukifika ubeti wa tatu katika dakika ya nne, utafika hapo kila siku, awepo mtunzaji au asiwepo. Mwimbaji hujifunza kutorudia. Mtunzaji hufika jukwaani mstari wake ukiwa umepita, na fedha yake inakuwa malipo ya wimbo badala ya kuwa neno ndani ya wimbo.

Si haki kuilaumu enzi ya umeme peke yake kwa jambo hili. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, upande mmoja wa santuri za wakati huo ulibeba takriban dakika tatu tu, na nyimbo zililazimika kuingia humo. Santuri nayo haikusubiri. Tofauti ni kwamba santuri ilikuwa kumbukumbu ya utendaji uliokuwa ukiendelea kwingineko, ukumbini na barazani, kwa urefu wake wa kawaida. Kumbukumbu ya kinanda imepandishwa jukwaani na kupewa kazi ya kuuongoza utendaji wenyewe.

Utetezi wa makundi madogo usipuuzwe. Kundi lenye waimbaji wawili na mpiga kinanda mmoja, linalolipwa kidogo kwa harusi ya mtaani, haliwezi kuajiri mpiga ngoma na mpiga besi. Kwao kumbukumbu ya kinanda ni riziki. Lakini hata hapo ipo njia ya kati: vinanda vingi huruhusu kipande kifupi kuzungushwa hadi mpigaji atakapotoa amri ya kuendelea. Mpigaji anayeupanga wimbo wake kwa vipande vya namna hiyo, badala ya mkanda mmoja usiokatika, amemrudishia mwimbaji uhuru wake bila kuongeza gharama yoyote.

6.0 Athari kwa Uhakiki wa Ushairi

Hoja hii ina matokeo kwa wanaoifundisha na kuihakiki taarab. Mhakiki anaponukuu wimbo wa taarab ya kisasa, anapaswa kuonesha mistari iliyorudiwa na idadi ya marudio, mahali ambapo kipande cha ala kimeingia, na mahali ambapo muziki umeshushwa ili maneno yasikike. Takwimu hizo ndogo hubadilisha tafsiri. Mstari uliorudiwa mara sita mbele ya watunzaji si mstari uleule uliopita mara moja katika rekodi ya studio. Anayechambua rekodi peke yake na kutoa hukumu kuhusu mipasho kwa jumla, akisema kwamba lugha yake ni ya wazi mno na haina fumbo, huenda anahukumu ubeti ambao fumbo lake liliachwa wazi makusudi ili lijazwe na ukumbi.

Vilevile, mhakiki anayesikitikia kupotea kwa taarab asilia anapaswa kutaja kwa usahihi kilichopotea. Mwishoni mwa mwaka 2009 kisiwa cha Unguja kilipoteza umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu. Katika hali kama hiyo, udi na ganuni hazihitaji jenereta. Huo ni udhaifu halisi wa kinanda, nao unahesabika. Lakini jenereta ikiwashwa, swali la kisanaa linabaki palepale: chombo kinamsikiliza mwimbaji au kinamkimbiza?

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kinanda cha umeme hakikuivamia taarab kutoka nje ya historia yake. Kilifuata njia iliyokwisha kupitwa na kodiani, hamoniamu na taishokoto. Kimepunguza mazungumzo ya ala, na hasara hiyo hailipwi kwa wingi wa sauti zilizomo ndani yake. Kimeweka robo toni mashakani, ingawa mpigaji aliyefunzwa vyema anaweza kuitunza. Juu ya hayo, kimeleta kumbukumbu isiyosubiri, na hapo ndipo utendaji wa taarab unapoguswa katika moyo wake, kwa kuwa ubeti wa taarab humngoja mtu ainuke.

Inapendekezwa kwamba wapiga kinanda wafunzwe kwanza kuwafuata waimbaji na ndipo wafunzwe kupanga mapigo. Kwamba makundi yanayomudu yaweke angalau wapigaji wawili wanaosikilizana. Na kwamba wahakiki wa ushairi wa taarab waihesabu kazi ya kinanda kuwa sehemu ya matini. Wimbo ambao ala yake haikusikilizwa haujasomwa wote.